Galoni Tatu za Shira

Avis Cutting aliingia jikoni kwa Noreen Desautels bila hodi, kama kawaida yake, lakini safari hii hakuvua buti za tope mlangoni. Alipita nazo moja kwa moja mpaka mezani, akaweka karatasi mbili juu ya unga wa donati.

"Soma," alisema. "Na Orrin asijue kama nimekuletea. Alizificha ndani ya kitabu cha trekta, utafikiri mimi sijui mume wangu anaficha wapi vitu vyake."

Noreen alijifuta mikono kwenye aproni. Karatasi ya kwanza ilitoka hospitali ya mjini, walikompandikiza Orrin ngozi ya mkono siku kumi zilizopita. Jumla ilikuwa dola elfu ishirini na sita na mia nne. Ya pili ilitoka bima ya afya ya Orrin, nayo ilikuwa fupi. Ajali imetokea kazini, kwa hiyo gharama hizi hazituhusu. Mwajiri ndiye wa kuulizwa.

"Mwajiri gani?" Noreen aliuliza.

"Wewe."

Avis alivuta kiti akaeleza. Siku ile ya ajali, pale mapokezi, Orrin alipewa fomu akaijaza mwenyewe kwa mkono uliobaki mzima. Hakutaka kusaidiwa. Penye kazi aliandika: mchemshaji shira. Penye mwajiri: Desautels, barabara ya mlimani. Penye ujira: galoni tatu kwa msimu.

"Galoni tatu," Noreen alirudia.

"Za rangi nzito. Hata hilo ameliandika."

Noreen alikaa. Karatasi zote za shamba lile alizishika yeye. Marcel, mumewe, alishika miti na moto. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amelipia bima ya dhima, ile inayolipa mtu wa nje akiumia kwako, na hakuwahi kudai hata senti. Alijua hati yake ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa wa kumi na moja ulisema waziwazi kwamba mfanyakazi wa shamba halipwi. Ili mfanyakazi naye alipwe kulikuwa na kiambatisho cha nyongeza, dola mia mbili na kumi kwa mwaka. Dale wa ofisi ya bima alipiga simu kila vuli kumuuliza kama anakitaka, na kila vuli alimjibu vilevile: "Dale, mimi sina mfanyakazi. Nina Marcel."

"Hatutakushitaki," Avis alisema. "Hilo usilifikirie kabisa. Orrin anasema atalipa mwenyewe, kidogo kidogo."

"Kwa pensheni ya kuendesha greda la mji? Atalipa mpaka afikishe miaka mia na kumi." Noreen alikung'uta unga kwenye barua. "Ameungua kwa shira yangu, ndani ya banda langu. Halipi kitu."

"Basi nani atalipa?"

Noreen alipiga hesabu kichwani. Akiba yao benki ilikuwa elfu tisa. Kilichobaki cha kuuza ni msitu wa juu, ile miti ya mepo mia nne inayotoa utomvu mtamu kuliko yote, ule wanaouchemsha mpaka uwe shira. Kulikuwa na daktari wa meno kutoka Connecticut aliyetaka kujenga huko nyumba ya kufikia akija kuteleza kwenye theluji. Kadi yake ilikuwa kwenye friji, chini ya sumaku yenye umbo la ng'ombe.

* * *

Ajali ilitokea wikendi ya milango wazi, mwishoni mwa Machi, wakati watu wa mijini wanapopanda milimani kwa magari kuona shira ikichemka. Noreen alikuwa amejiandaa. Alifunga kamba kati ya wageni na sinia kubwa la kuchemshia. Alibandika vibao vyekundu vinne: MOTO, USIGUSE. Alitandika mikeka ya mpira chini, upande wa wageni, ili mtu asiteleze na viatu vyake vya theluji. Sanduku la huduma ya kwanza lilining'inia ukutani, limejaa.

Upande wa pili wa kamba, upande wao, zilikuwa mbao tupu, zimelowa mvuke tangu alfajiri. Orrin alikuwa ameshika ndoo ya shira iliyotoka motoni dakika ile ile. Bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya akamwuliza kutoka ng'ambo ya kamba kama huwa wanaongeza sukari. Orrin aligeuka amjibu kwa heshima. Mguu ukateleza, ndoo ikammwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Jambo la kwanza alilosema, walipokuwa wanammiminia maji baridi, ni: "Mwambie yule mama hatuongezi."

* * *

Noreen alimkuta Orrin kwenye banda lake la kuku, anamwaga mtama kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe kama mtoto mchanga.

"Avis amekuletea barua," Orrin alisema bila kugeuka.

"Hajaniletea kitu."

"Barua yangu ina unga wa donati."

Noreen aliacha kujitetea. "Orrin, kwa nini uliandika kwamba mimi ni mwajiri wako?"

"Waliuliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nachemsha shira."

"Ungeandika umekuja kutembea."

Orrin aliweka kopo la mtama chini, akamtazama kama mtu aliyeambiwa akaibe. "Kutembea. Watu mia mbili bandani, Marcel anakimbia huku na huku kama huyu jogoo, wewe unawamwagia wageni shira juu ya theluji waionje, halafu mimi nimekuja kutembea."

"Ni neno tu la kwenye fomu."

"Mjomba wangu Elwin alikuwa anakuja kutembea. Alikalia kiti kile cha karibu na moto misimu kumi na miwili, anakula donati na achari, anatoa maoni. Ameshakufa na bado watu wanamsema."

"Sikiliza, mzee. Kampuni yangu ya bima ikisikia wewe ni mfanyakazi, hailipi. Kampuni yako imekwisha sikia, nayo hailipi. Umekaa katikati ya viti viwili na chini ni tope. Mkaguzi wa kampuni yangu anakuja Alhamisi. Piga simu hospitali, waambie ulikosea kujaza."

"Sikukosea."

"Basi nani alipe?"

"Mimi. Ni ngozi yangu."

"Ni sakafu yangu."

Walitazamana. Kuku walikuwa wanadonoa kamba za buti za Noreen. Noreen akaondoka kwa hatua za haraka. Alifika kwenye uzio ndipo akakumbuka kwamba hakuwa amemjulia hali. Akarudi.

"Mkono vipi?"

"Unawasha."

"Usiukune."

"Avis ameuvisha soksi," Orrin alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika kidogo. "Soksi yangu ya kanisani."

* * *

"Kwani lazima mkaguzi aambiwe?" Marcel aliuliza asubuhi ya Alhamisi, akiwa amesimama dirishani na kikombe cha kahawa. "Galoni tatu. Sema hatukumpa kitu."

"Nimempa. Miaka kumi na tisa. Iko kwenye kalenda."

"Wewe unaandika kila kitu."

"Ningekuwa siandiki, tungekuwa tunachemsha utomvu wa benki, si wetu." Noreen alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji pasi. "Siongopi, Marcel. Leo nikiongopa kwa ajili ya galoni tatu, kesho banda likiungua nani ataniamini?"

Marcel alitazama msitu wa juu. Theluji ilikuwa imebaki chini ya miti tu. "Nimtafutie namba yule daktari wa meno?"

"Namba iko kwenye friji. Na usiiguse."

Mkaguzi alifika saa nne kwa miguu. Gari lake dogo lilikuwa limekwama kwenye tope karibu na sanduku la barua, na alikuwa ametembea kipande kilichobaki, tope mpaka magotini. Aliitwa Shauna Rourke, hajafika miaka thelathini, na alikuwa anaona haya. Noreen alimpa soksi za sufu na viatu vya Marcel kabla ya salamu kwisha, na Marcel akaenda kuchukua trekta.

"Samahani sana, Bibi Desautels."

"Kila Aprili lazima mmoja akwame. Mwaka jana alikuwa kasisi."

Bandani, Shauna alipiga picha kila kitu. Alipiga kamba, vibao na sanduku la huduma ya kwanza. Aliinama akagusa mikeka ya mpira. "Hii ni kazi nzuri," alisema, na Noreen akajisikia kama mwanafunzi aliyepewa vema. Kisha Shauna akavuka kamba.

"Na upande huu hakuna mikeka?"

"Upande huu ni wetu," Noreen alisema.

Maneno yalipotoka aliyasikia mwenyewe. Watu asiowajua, wanaokuja siku moja kwa mwaka na kununua chupa moja, alikuwa amewatandikia. Mtu aliyesimama pale karibu kila msimu kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemwachia mbao zilizolowa. Shauna alipiga picha zile mbao mara tatu. Noreen alisimama kando, mikono mifukoni, uso umemwiva.

* * *

Shauna, Noreen na Marcel walikuwa wamekaa jikoni, daftari limefunguliwa, Orrin alipoingia. Alikuwa amevaa shati safi na nywele zake alizilowesha akazichana upande mmoja. Avis alimfuata nyuma amebeba keki, kwa sababu hakujua aje na nini kingine.

"Nimekuja kutoa maelezo," Orrin alisema.

"Hakuna aliyekuita," Noreen alimwambia.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Shauna alitazama mmoja, akatazama mwingine, kisha akamsogezea Orrin kiti. "Ni vizuri. Nitauliza wote. Bwana Cutting, huwa unafika bandani saa ngapi?"

"Nikimaliza kulisha kuku."

"Nani anakupangia saa hiyo?"

"Kuku."

Marcel alikohoa ndani ya kikombe. Shauna aliandika. "Bibi Desautels, unaweza kumwachisha kazi?"

"Nimemfukuza mara nne," Noreen alisema. "Mara ya mwisho alipoacha sinia likaungua akibishana na Marcel habari za kulungu. Kesho yake nilimkuta ameshawasha moto."

"Kwa hiyo hakuondoka?"

"Alisema hakunisikia vizuri."

"Sikumsikia," Orrin alisema.

"Na zile galoni tatu," Shauna alisema. "Ni malipo ya kazi?"

Noreen alifungua kalenda yake ya mwaka ule, akaisukuma mezani. Hakupamba. "Kila msimu ukiisha nampelekea galoni tatu. Imeandikwa hapo. Sijawahi kuziita mshahara wala sijawahi kuziita kitu kingine. Sikuwahi kufikiri zinaitwaje."

"Nani mwingine anapata?"

"Mama Gilfeather wa pale chini, magari ya wageni yanaegeshwa kwenye konde lake. Dereva wa basi la shule. Kasisi, tangu akwame."

"Bwana Cutting, wewe huwapa nini akina Desautels?"

"Mimi siwapi kitu."

"Mwongo huyu," Noreen alisema. "Kila Novemba ananiletea nusu ya kulungu, amekwisha mkata na kumfunga. Na theluji ya njia yetu yote anaisukuma yeye."

"Mnamlipa kwa hilo?"

"Jaribu kumlipa. Atanuna mpaka Pasaka."

Shauna aligonga kalamu mezani. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusaidia na haruhusiwi. "Niseme wazi. Kwenye fomu ya hospitali bwana huyu ameandika mwajiri, kazi na ujira. Mimi nikisoma hiyo, namwona mfanyakazi anayelipwa kwa bidhaa. Kinachonisaidia ni kujua kama ni ujira kweli au ni zawadi ya jirani. Bwana Cutting, umewahi kupata galoni tatu bila kufanya kazi?"

"Mimi hufanya kazi," Orrin alisema.

"Najua. Nauliza kama kuna mwaka hukuja."

Noreen alijua jibu. Avis alilijua, akawa anaikata keki vipande vidogo sana. Kalenda yenye jibu hilo ilikuwa kwenye droo, hatua mbili tu kutoka alipokaa, na Noreen alikwisha fungua kinywa. Kisha akakifunga. Alikuwa mwepesi wa kusema mambo ya watu mbele yao, watoto wake walimlalamikia hivyo siku zote, lakini hili lilikuwa la Orrin. Akakaza mikono juu ya kitambaa, akasubiri, na msitu wake mzima wa juu ukasubiri naye.

"Mwaka wa nyonga," Orrin alisema mwishowe, akiutazama mkono wake wenye bendeji. "Nilivunjika nyonga Februari. Nililala chali miezi miwili na nusu. Sikukanyaga banda hata siku moja. Nilikuwa nauona moshi wao dirishani."

"Na galoni?"

"Aprili naamka, ziko barazani. Tatu. Nikamwambia Avis azirudishe."

"Nikazirudisha," Avis alisema. "Niliporudi nikazikuta barazani tena, zimenitangulia. Marcel alipita njia ya nyuma na pikapu."

"Za rangi nzito," Orrin alisema, taratibu. "Tulitumia zote. Sikuzifanyia kazi hata dakika moja. Hilo sijawahi kumwambia mtu."

Shauna aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alimsomea maneno yale, akamuuliza kama ni hivyo, na Orrin akasema ni hivyo, akatia sahihi kwa mkono wake wa kulia.

"Siahidi kitu," Shauna alisema akivaa koti. "Naandika nilichokisikia. Uamuzi ni wa wengine." Alikula vipande vinne vya keki kabla ya kuondoka, na soksi za sufu alikwenda nazo.

* * *

Jibu lilichukua wiki tano. Katika wiki hizo Noreen alinunua mikeka mingine, minene zaidi, akatandika upande wa ndani kutoka kwenye sinia mpaka kwenye chujio. Alinunua glavu ndefu za mpira za kufika begani, jozi tatu. Alimpigia Dale simu mwenyewe kabla ya vuli.

"Kile kiambatisho," alisema. "Nakitaka."

"Noreen, miaka kumi na tisa unaniambia huna mfanyakazi."

"Nisomee kinasemaje, Dale, na usinichekee. Nataka kinachomshika mtu anayelipwa na asiyelipwa. Kama hakuna kama hicho, nitafutie."

Dale alitafuta. Kilikuwepo, ila ni dola mia mbili na themanini. Noreen alilipa bila kubishana, jambo ambalo Dale alilisimulia ofisini siku nzima.

Barua ya kampuni ilipofika, aliisoma akiwa amesimama kando ya sanduku la barua, akairudia, kisha akaenda kwa Cutting bila kupita nyumbani. Ilikuwa Mei, barabara imekauka, na miti ya juu ilikuwa imeanza kutoa majani mekundu madogo. Alikuta wawili hao mezani, wanakula chakula cha mchana.

"Wanalipa," alisema. "Yote. Wanailipa hospitali moja kwa moja."

Avis aliweka uma chini, akajifunika uso kwa kitambaa cha mkono, akakaa hivyo kidogo. Orrin alinyoosha mkono aipate barua. Ule wa kushoto. Ngozi mpya ilikuwa nyekundu na inang'aa, lakini vidole vilishika. Alivaa miwani, akasoma polepole, na Noreen alijua amefika mstari gani kwa jinsi taya lilivyokaza.

"Bwana Cutting hakuwa mfanyakazi," Orrin alisoma kwa sauti.

"Ni maneno yao," Noreen alisema.

"Miaka thelathini na nane nimeolewa naye nasema hivyo hivyo," Avis alisema nyuma ya kitambaa, "na hakuna kampuni iliyoniandikia barua."

Orrin alimtazama mkewe. Kicheko kilimpanda taratibu, kikaanzia mabegani, na kilipotoka hakikuwa rahisi kukizuia. Alilazimika kuvua miwani. Noreen naye alicheka mpaka akashika meza. Walipotulia, Avis alimsukumia sahani ya viazi bila kumuuliza kama ana njaa.

"Kuna nyingine," Noreen alisema akiwa bado anakula. Alitoa karatasi ya Dale mfukoni, akainyoosha kwa kiganja. "Hii ni ya kuanzia sasa. Usome huo mstari wa pili."

Orrin alirudisha miwani. Alisoma kimya kwanza. Kisha akaweka kidole chenye ngozi mpya chini ya maneno, akasoma tena kwa sauti kama mtu anayesoma kanisani: "Bima hii inamhusu mtu yeyote anayefanya kazi katika banda la shira, kwa ujira au bila ujira."

"Anayefanya kazi," alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Hawa wanajua kuandika."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Ilikuwa nakala pekee aliyokuwa nayo Noreen, na Dale angemnung'unikia akimwomba nyingine. Noreen hakuidai, akachukua chumvi, akanyunyizia viazi.